Bima ya Mbwa: Isome Kuanzia Kurasa za Mwisho

Kurasa za mbele za mkataba wa bima ya mbwa huorodhesha yanayolipwa, na orodha hizo hufanana kampuni hadi kampuni: ajali, magonjwa, upasuaji, kulazwa, dawa. Tofauti ziko nyuma, penye yasiyolipwa na penye maana za maneno. Mtu mwenye mikataba mitatu mezani na saa moja tu ya kuisoma, dakika 40 azitumie huko nyuma. Bei aiangalie mwisho kabisa, maana ada mbili zinazokaribiana zinaweza kununua vitu viwili visivyofanana hata kidogo.

Swali la kwanza la kuuliza kila mkataba ni hili: mbwa akipata ugonjwa usiopona, mwaka wa pili nani atalipa? Mzio wa ngozi, kisukari, kifafa, baridi yabisi na ugonjwa wa moyo ndiyo yanayomaliza fedha za watu, na huzimaliza polepole, bili ya mwezi baada ya mwezi, miaka nenda miaka rudi. Mzio wa ngozi husumbua zaidi kwa sababu huanza mapema, aghalabu mbwa akiwa na umri kati ya miezi 6 na miaka 3. Anayeanza kujikuna akiwa na mwaka mmoja huenda akahitaji dawa maisha yake yote.

Uingereza, ambako bima hii imezoeleka, mikataba imegawanyika katika aina nne, na mgawanyo huo unasaidia kuelewa hata mikataba ya nchi nyingine. Ya kwanza hulipa ajali tu. Ya pili hulipa kila ugonjwa kwa miezi 12, kisha ugonjwa huo hautalipwa tena. Ya tatu hutenga fungu la fedha kwa kila ugonjwa bila kuweka kikomo cha muda, ila fungu likiisha limeisha. Ya nne huitwa ya maisha yote: fungu hujazwa upya kila mwaka mkataba unapohuishwa. Sasa mpe mbwa kisukari. Chini ya aina ya kwanza hapati kitu. Chini ya pili, insulini na vipimo vya damu vitalipwa mwaka mmoja, kisha ni wewe na mfuko wako. Chini ya tatu atalipiwa mpaka fungu likauke. Chini ya nne ataendelea kulipiwa, alimradi mkataba haukukatika hata mara moja. Malipo ya mwezi yakikwama benki na mkataba ukafutwa, ukirudi wiki ijayo unahesabiwa mteja mpya, na kisukari kinakuwa ugonjwa wa zamani.

Hata kwenye mikataba isiyotumia majina hayo, tafuta sentensi inayosema nini hutokea siku ya kuhuisha. Ikiandikwa kwamba kila mwaka ni mkataba mpya na magonjwa ya mwaka uliopita yanahesabiwa kuwa yalikuwepo kabla, basi mkataba huo ni wa miezi 12 hata kama tangazo lake limesema nini. Mimi mkataba wa namna hiyo ningeuweka kando bila kuendelea kuusoma, isipokuwa kama mbwa ni mzee na hakuna mwingine unaomkubali.

Kifungu cha pili kwa uzito ni hicho cha ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima. Kutoulipia ni kawaida ya kampuni karibu zote, na sababu yake inaeleweka. Kinachowaponza watu ni namna ugonjwa huo unavyoelezwa. Si lazima uwe umepewa jina na daktari. Dalili tu inatosha. Daktari wa mifugo akiandika kwenye faili, siku mbwa alipoletwa kwa chanjo, kwamba mwenye mbwa amemwona akichechemea mguu wa nyuma asubuhi, mstari huo mmoja unaweza kuliondoa goti zima katika bima miaka miwili baadaye ligamenti, yaani ukano unaoshikilia mifupa ya goti, ikikatika. Hakuna aliyedanganya hapo. Mwenye mbwa alitaja jambo dogo, daktari akaliandika kama inavyotakiwa, na mkataba ukasomwa kama ulivyo.

Kwa hiyo kabla ya kuomba bei popote, omba nakala ya faili lote la mbwa kutoka kila kliniki aliyowahi kutibiwa, kisha lisome ukiwa na kalamu mkononi. Maneno ya kutafuta ni kuchechemea, kujikuna, kulamba nyayo, masikio kunuka, kutapika, kuharisha, uvimbe, kukohoa, na moyo kuwa na sauti isiyo ya kawaida. Ukikuta jambo lililokwisha lakini faili halisemi kwamba limekwisha, mpeleke mbwa apimwe na daktari aandike hali ya sasa kwa tarehe. Usimwombe afute kilichoandikwa. Huo ni udanganyifu, na kampuni ikiugundua inaweza kuufuta mkataba wote. Kuongeza ukweli mpya kwenye faili, hilo ni haki yako.

Mikataba mingine hutofautisha ugonjwa unaopona na usiopona. Maambukizi ya sikio, ya njia ya mkojo, au kuharisha vinaweza kurudi ndani ya bima mbwa akikaa bila dalili wala dawa kwa muda uliotajwa, mara nyingi miezi 6 au 12. Mikataba mingine haitoi nafasi hiyo: kilichotokea mara moja kimefungwa daima. Kwa mbwa ambaye tayari ana historia kliniki, tofauti hii ina thamani kuliko punguzo lolote la ada.

Kuna pia kifungu cha viungo viwiliviwili, na hiki wengi hukipita bila kukiona. Husema kwamba kiungo cha upande mmoja kikiwa kiliugua kabla ya bima, kile cha upande wa pili nacho hakilipwi: magoti, nyonga, viwiko, macho. Kwa goti, hili ni jambo zito. Kati ya mbwa waliokatika ligamenti ya goti moja, takriban asilimia 40 hadi 60 huja kukatika na la pili, na upasuaji wake, ambapo mfupa hukatwa na kuungwa upya kwa bamba la chuma, ni miongoni mwa bili kubwa zinazoletwa na mbwa wa kawaida. Mwenye mbwa aliyekwisha kufanyiwa goti la kushoto hana budi kuuliza kwa maandishi kuhusu la kulia kabla hajalipa hata ada ya kwanza.

Njia salama ya kujua unanunua nini ni kuomba kampuni ilipitie faili mara tu unapojiunga, na ikuandikie orodha ya yale ambayo haitayalipa. Kampuni kadhaa hufanya hivyo mteja akiomba. Liombe jambo hilo wiki ya kwanza, ndani ya zile siku ambazo mkataba unakuruhusu kujitoa na kurudishiwa fedha. Kampuni isiyotaka kufungua faili mpaka dai la kwanza lifike inakuacha ulipe ada bila kujua umepata nini.

Muda wa kusubiri, yaani siku za mwanzo ambazo kampuni hailipi ingawa umeshajiunga, nao haufanani. Kwa ajali unaweza kuwa hakuna kabisa, au siku chache. Kwa magonjwa siku 14 ni kawaida, na kwingine 30. Kwa ligamenti za goti na nyonga unaweza kuruka hadi miezi 6, hata 12. Baadhi ya kampuni huufupisha muda huo mrefu ikiwa daktari atampima mbwa viungo na kujaza fomu yao ndani ya siku za mwanzo. Uliza, kwa sababu hawalitangazi sana. Kinachouma ni hiki: ugonjwa ukijitokeza ndani ya muda wa kusubiri, kwa kawaida hausogezwi tu mbele mpaka muda upite. Unaingia kwenye kapu la yaliyokuwepo kabla, na mara nyingi unabaki humo. Ndiyo maana anayehama kampuni hafuti bima ya zamani mpaka muda wa kusubiri wa mpya uishe, hata kama atalipa ada mbili kwa mwezi mmoja. Na ndiyo maana mbwa ambaye tayari ana ugonjwa wa kudumu unaolipiwa kwa kawaida hahamishwi. Marekani, chama cha wasimamizi wa bima wa majimbo, NAIC, kilitoa mwaka 2022 sheria ya mfano inayokataza muda wa kusubiri kwa ajali, inayouwekea ule wa magonjwa ukomo wa siku 30, na inayoitaka kampuni yenyewe ithibitishe kwamba ugonjwa ulikuwepo kabla. Inafanya kazi katika majimbo yaliyoipitisha tu, lakini ni kipimo kizuri cha kuupimia mkataba wowote mwingine.

Baada ya hapo mtazame mbwa mwenyewe. Mkataba bora kwa mbwa mmoja unaweza kuwa ovyo kwa mwingine, na kinachoamua zaidi ni aina yake. Sweden, ambako mbwa wengi sana wana bima, watafiti wa mifugo wametumia kumbukumbu za madai ya bima kuchunguza aina zipi huugua nini na katika umri gani. Yanayojulikana ni mengi. Bulldog, Pug na French Bulldog, wenye pua fupi, hupata shida ya kupumua inayoweza kuhitaji upasuaji wa pua na kaakaa. Dachshund hupata matatizo ya diski za uti wa mgongo. German Shepherd na Labrador hupata nyonga na viwiko visivyokaa sawa. Cavalier King Charles Spaniel huugua vali za moyo. Great Dane na wenzake wenye kifua kirefu hupata tumbo kujaa hewa na kujipinda, dharura inayoua kwa saa chache. Chukua jina la aina ya mbwa wako, andika magonjwa yake matatu makubwa, kisha yatafute moja baada ya jingine katika kila mkataba. Neno la kuangalia ni magonjwa ya kurithi na ya kuzaliwa nayo: mikataba mingine huyalipa yote, mingine hulipa ya kurithi ila si ya kuzaliwa nayo, mingine huyalipa kwa sharti kwamba mbwa alijiunga kabla ya umri fulani. Mbwa chotara hana kinga ya haya, ingawa ada yake mara nyingi ni ndogo. Kwake uzito wa mwili hutumika badala ya aina, basi ukadirie kwa ukweli.

Sasa hesabu. Mambo matatu huamua utarudishiwa kiasi gani: kiasi cha kujibebea, yaani fedha unazolipa mwenyewe kabla kampuni haijaanza kuchangia, asilimia inayorudishwa, kwa kawaida 70, 80 au 90, na ukomo wa malipo. Mpangilio wa hesabu nao una maana. Chukua bili ya 2,000 katika sarafu yoyote, kiasi cha kujibebea 500, asilimia 80. Kampuni inayotoa 500 kwanza kisha kuhesabu asilimia itakulipa 1,200. Inayohesabu asilimia kwanza kisha kutoa 500 itakulipa 1,100. Namba za kwenye tangazo ni zilezile, fedha si zilezile.

Kikubwa zaidi ni kama kiasi cha kujibebea hukatwa mara moja kwa mwaka au mara moja kwa kila ugonjwa. Mbwa akiugua vitu vinne tofauti mwaka mmoja, kila kimoja bili ya 400, mkataba wa kila ugonjwa hautalipa hata senti, kwa kuwa hakuna bili iliyofika 500. Mkataba wa mwaka utajumlisha 1,600, utatoa 500, na kwa asilimia 80 utalipa 880. Lakini mbwa mwenye mzio unaogharimu 1,200 kila mwaka kwa miaka 5 anageuza meza: mkataba wa mwaka utakata 500 kila mwaka na kulipa jumla ya 2,800, ilhali ule unaokata mara moja tu kwa ugonjwa huo, maisha yote, utalipa 4,400. Kwa aina zinazojulikana kwa magonjwa ya kudumu mimi huegemea huu wa pili. Kwa kitoto cha mbwa kinachookota kila kitu mdomoni, ule wa mwaka. Soma lakini kama makato ya kila ugonjwa hurudiwa mwaka mpya ukianza. Yakirudiwa, faida hiyo imeyeyuka.

Ukomo usiuchague kwa kukisia. Piga simu kliniki unayoitumia, na hospitali ya rufaa ya wanyama kama ipo karibu, uulize bei ya mambo matatu: upasuaji wa kutoa kitu kilichokwama utumboni pamoja na kulazwa, upasuaji wa ligamenti ya goti, na kisukari kwa mwaka mzima. Pitisha kila bei katika kila mkataba, kwa kalamu na karatasi. Ukomo wa mwaka usiotosha upasuaji mkubwa mmoja hauna maana, na mimi hutaka utoshe miwili, kwa sababu ya yale magoti. Angalia pia mkataba unalipa kwa kufuata nini. Bili halisi ndiyo njema. Kulipa kwa bei ya kawaida ya eneo huiachia kampuni uamuzi wa bei ipi ni ya kawaida. Kulipa kwa jedwali, ambapo kila ugonjwa una kiasi chake kilichopangwa, huacha pengo kubwa zaidi, na pengo hilo ni lako.

Kisha kuna vikomo vidogo ndani ya ukomo mkubwa. Ada ya kumwona daktari huenda hailipwi, na kwa ugonjwa wa kurudirudi ada hiyo hujumlishwa ikawa nzito. Dawa za kupeleka nyumbani, chakula cha tiba, mazoezi ya viungo na matibabu ya tabia mara nyingi vina kikomo chake. Meno ni uwanja wenye utata: jino lililovunjika kwa ajali hulipwa na wengi, ugonjwa wa fizi hulipwa na wachache, tena kwa sharti kwamba mbwa amekaguliwa meno kila mwaka na ushauri wa kuondoa ugaga umefuatwa. Mwaka mmoja bila ukaguzi unatosha kulivunja sharti. Chanjo vilevile: mbwa ambaye chanjo zake zimepitwa akiugua kichaa cha mbwa, pavo, distempa au homa ya mgunda, usitegemee fidia. Mimba na uzazi havilipwi katika mikataba mingi. Mbwa wa ulinzi, wa kuwinda au wa kuchunga ng'ombe anaweza kukataliwa kabisa kama uliandika kwamba ni wa nyumbani tu, kwa hiyo taja kazi yake tangu mwanzo.

Nyongeza ya huduma za kawaida, yaani chanjo, dawa za kupe na minyoo, kuhasi, haichukui muda kuipima. Jumlisha inachorudisha kwa mwaka, linganisha na ada yake. Mara nyingi unarudishiwa ulichotoa, au pungufu.

Kuhusu ada yenyewe, bei ya leo haikuambii bei ya kesho. Ada hupanda mbwa anavyozeeka na gharama za matibabu zinavyopanda. Namna ya kuchungulia mbele ni kuomba kampuni ileile bei ya mbwa wa aina ileile, eneo lilelile, mwenye miaka 8, kisha mwenye 10. Namba hiyo si ahadi, lakini huonyesha mwinuko, na kampuni yenye ada ndogo kwa mtoto wa mbwa huwa na mwinuko mkali wakati mwingine. Uliza pia kama kuna umri ambapo asilimia ya bili unayojilipia mwenyewe huongezwa; mikataba mingine huanza karibu na miaka 8, na kwa aina kubwa mapema zaidi. Anayelazimika kuacha bima mbwa akiwa na miaka 9 kwa sababu ada imemshinda ameiacha inapohitajika, kwa hiyo ni afadhali kuchukua kiasi cha kujibebea kikubwa tangu mwanzo, ada ibaki inalipika.

Wapo mbwa ambao hesabu haiwakubali. Mzee wa miaka 11 mwenye magoti, moyo na ngozi vimeshatolewa kwenye bima amebakiwa na machache ya kulipiwa, na akaunti ya akiba inayowekewa kiasi sawa na ada kila mwezi yaweza kumfaa zaidi. Kwa mtoto wa mbwa siishauri akiba peke yake: soksi ikikwama utumboni mwezi wa tatu, akiba itakuwa ya miezi mitatu.

Madhara ambayo mbwa huwafanyia watu wengine ni bima nyingine, hata inapouzwa pamoja na ya matibabu. Ujerumani, majimbo kadhaa, Berlin na Hamburg yakiwemo, humtaka kila mwenye mbwa awe nayo. Angalia kwanza kama bima ya nyumba yako tayari inayabeba, na kama aina ya mbwa wako haikutengwa.

Siku ya kudai, makosa hutokea zaidi kwenye tarehe. Daktari atauliza tatizo limeanza lini, na jibu lako litaingia kwenye faili na kusomwa na kampuni. Anayekisia kwa kusema mwezi hivi, wakati mbwa alianza kuchechemea siku tatu zilizopita, anaweza kuusukuma ugonjwa ndani ya muda wa kusubiri. Sema tarehe unayoijua. Usiyoijua sema huijui. Omba bili iliyochambuliwa kitu kwa kitu, pamoja na maelezo ya daktari na majibu ya vipimo, na uyatume yote mara moja. Muda wa kuwasilisha dai huandikwa kwenye mkataba, na ukipita, hata dai la haki hukataliwa. Kampuni nyingi hurudisha fedha baada ya wewe kulipa, hivyo unahitaji akiba au njia ya kulipa kwanza. Zinazolipa kliniki moja kwa moja zinahitaji kliniki nayo ikubali, ulizia pande zote mbili kabla ya dharura. Kwa upasuaji uliopangwa, omba idhini ya maandishi kabla ya siku ya nusukaputi.

Dai likikataliwa, taka namba ya kifungu kilichotumika na sehemu ya faili waliyoitegemea. Mpelekee daktari, aandike barua inayojibu hoja hiyohiyo: kwa mfano, kwamba kutapika kwa mwaka juzi kulitokana na chakula na kuliisha, na hakuhusiani na ugonjwa wa kongosho wa leo. Barua ya aina hiyo, yenye tarehe na vipimo, ina nguvu kuliko malalamiko marefu. Ikishindikana, nenda kwa msimamizi wa bima wa nchi.

Barua ya kuhuisha inapofika, iweke kando ya mkataba wa mwaka uliopita na ulinganishe ada, kiasi cha kujibebea, asilimia, ukomo, na orodha ya yasiyolipwa. Mabadiliko huingizwa hapo, na siku za kuyakataa ni chache.